Ukumbi umejaa, hela iko wapi? Majibu ya maswali yenu kuhusu kazi ya kumiliki baa

Toleo lililopita niliwaomba mlioko kwenye biashara ya baa na kumbi za usiku, na mnaotaka kuingia, mniandikie. Mmeandika kweli kweli na nawashukuru. Nimechukua barua chache zinazogusa watu wengi. Humu naongea na wale wenye baa zao wenyewe, sio meneja wa hoteli wala wa tawi la kampuni kubwa, yani wewe ndo bosi, deni ni lako na leseni ina jina lako.

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 27, nimefanya kazi kaunta tangu nimemaliza shule. Vinywaji navijua, kuchanganya najua, wateja wananipenda na wengi wananiambia fungua ya kwako tutakufuata. Nina akiba na kaka yangu yuko tayari kuniongezea. Nianze? – Kijana wa Kaunta

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wateja watakuja kweli, tena wiki ya kwanza watajaza, lakini wengi wao wanapapenda pale ulipo kwa sababu ni karibu na kwao au karibu na kazini, na wachache watakaokufuata mbali ndo haohao watakaoomba uwaandikie kwenye daftari kwa vile mnafahamiana. Usiweke mtaji wako juu ya ahadi ya mtu aliyekunywa.

We unaijua kazi kuanzia milango inapofunguliwa mpaka inapofungwa. Mwenye baa kazi yake kubwa iko saa ambazo we umelala. Asubuhi anapokea mzigo, anahesabu kreti moja moja kabla hajasaini karatasi ya dereva, anarudisha chupa tupu, anaangalia friji gani haijapoza vizuri usiku, choo gani kimeziba, nani kapiga simu anaumwa, alafu mchana anakimbizana na leseni na kodi na fundi umeme, jioni ndo anavaa shati safi anasimama mlangoni anasalimia watu kama mtu ambaye hana shida yoyote. Ijumaa na Jumamosi sio zako tena, sikukuu sio zako, harusi za ndugu utaingia kuchelewa na kuondoka mapema. Nakwambia ili ujue unachonunua, maana mimi hii kazi naipenda na sijawahi kuijutia.

Kwahiyo ushauri wangu, kabla hujamwaga hiyo akiba nenda kwa bosi wako au kwa mwingine omba umeneja, hata kama mshahara unaongezeka kidogo tu. Kaa huko mpaka uone msimu mzuri na msimu mbaya, ujifunze kuagiza mzigo, kupanga zamu na kumfukuza mtu kazi kwa hela ya mwenzio. Ukija kufungua, usimalizie mtaji wote kwenye mapambo, taa na sofa. Tenga pembeni pango na mishahara ya miezi sita usiiguse. Baa nyingi zinakufa zikiwa nzuri kabisa, wateja ndo wanaanza kuzoea, ila mwenyewe kaishiwa hela ya kuvukia miezi mibaya.

Jingine, wauzaji wa vinywaji watakuja na friji, viti, bango lenye jina la baa yako, watakwambia bure. Soma karatasi. Mara nyingi sharti ni uuze vinywaji vyao peke yake au ufikishe kreti kadhaa kwa mwezi, na ukishasaini unajikuta baa ni yako kwa jina ila wao ndo wanaamua unauza nini. Sio lazima ukatae, lakini jua unatoa nini na kwa muda gani.

SWALI: Dada habari. Baa yangu ina miaka miwili, wikiendi hapakaliki, mauzo naona makubwa lakini mwisho wa mwezi nikishalipa watu sibaki na kitu. Nafunga hesabu kila siku na keshia na zinakubaliana. Tatizo nini? – Mama wa Watoto Wawili

JIBU: Barua za namna hii ndo zilikuwa nyingi kuliko zote kwahiyo nitakaa hapa kidogo.

Dada yangu, we unafunga hesabu ya hela. Hela kukubaliana na mashine maana yake ni kwamba kilichoandikwa kimelipwa. Ambacho hakikuandikwa mashine haikijui. Lazima ufunge na hesabu ya vinywaji, yani ulianza na ngapi stoo na kaunta, umeingiza ngapi, zimebaki ngapi, ilitakiwa iuzwe hela ngapi.

Chukua chupa ya pombe kali ya mililita 750. Ukimimina toti ya mililita 30 unapata toti 25. Kwenye pombe kali wenye baa wengi wanalenga gharama ya chupa iwe kama asilimia 20 ya mauzo yake, maana yake toti 5 zinarudisha hela ya chupa na 20 zilizobaki zinalipa pango, mishahara, umeme, mlinzi, dijei, kodi, glasi zilizovunjika, kila kitu. Ukitoa vyote hivyo na ukabakiwa na asilimia 10 mpaka 15 ya mauzo we unaendesha vizuri, na kwenye ile chupa hiyo ni kama toti 3 au hazifiki 4. Sasa mhudumu wako anamimina kwa jicho, hana nia mbaya, anamimina 35 badala ya 30 kwa sababu mteja anamchekea. Chupa inatoa toti 21. Zile 4 zilizopotea ndo faida yako yote ya ile chupa, hakuna mtu kaiba, hakuna hela iliyopungua kwenye droo, na mauzo bado unayaona makubwa. Nunua vipimo, kila mtu apime, na wewe ukiwa kaunta pima, na rafiki yako akija pima.

Alafu nunua mizani ya jikoni ya kidijitali. Kila asubuhi kabla hawajafika panga chupa zilizofunguliwa mstari mmoja juu ya kaunta, pima moja moja, toa uzito wa chupa tupu ya aina ileile. Pombe ya asilimia 40 ni nyepesi kuliko maji, toti ya mililita 30 ina kama gramu 28, kwahiyo gawanya unapata toti zilizobaki bila kubishana na mtu. Vile vya sukari nyingi ni vizito zaidi, hivyo tengeneza hesabu yake peke yake. Siku mbili za kwanza itakusumbua, baada ya hapo ni kazi ya muda mfupi tu na utashangaa jinsi toti zinavyojirekebisha zenyewe watu wakijua bosi anapima.

Kuna wizi mmoja ambao hata mizani haiuoni. Mfanyakazi anaingia na chupa yake kwenye begi, anauza yake kwenye kaunta yako kwa glasi zako na barafu yako na muziki wako, hela anaweka mfukoni. Stoo yako inakubaliana mpaka tone la mwisho! Dalili yake ni moja, ukumbi umejaa kama kawaida ila mauzo ya aina fulani yameshuka. Dawa yake weka alama yako kwenye kila chupa inapotoka stoo, stika au sahihi sehemu unayoijua wewe, na chupa mpya haitoki mpaka tupu yenye alama irudi. Kuhusu kuongeza maji, chupa ya vodka unayoishuku iweke kwenye friza ya kawaida usiku kucha. Ya asilimia 40 haigandi humo, ikianza kuganda jua kuna mtu kaizimua sana.

Na kabla hujaanza kumshuku kila mtu, jiulize unawalipa lini. Nimeona baa nyingi na kwa maoni yangu wizi mkubwa unaanzia pale mshahara unapochelewa. Mtu anayeshika hela yako mpaka alfajiri alafu hajui kodi ya chumba ataipata wapi, we unamfundisha kujilipa. Lipa tarehe ileile kila mwezi, chakula cha zamu kiwepo, usafiri wa usiku wa manane uwepo hasa kwa wadada, na bakshishi ni za kwao usiziguse. Ukifanya hivyo ndo una haki ya kuwa mkali.

SWALI: Mdogo wangu, mimi ni mtu mzima wa miaka 58, nina ukumbi wa muziki. Mkaguzi wa zimamoto kasema mlango wa nyuma usipigwe kufuli watu wakiwa ndani. Lakini mlango huo ndo wanaingizia wenzao bure na wengine wanatorokea bila kulipa. Funguo anakaa nayo baunsa, kuna ubaya gani? – Mzee wa Ukumbi

JIBU: Shikamoo kaka. Toa hiyo kufuli leo kabla hujafungua.

Novemba 1942 kule Boston, Marekani, klabu ya Cocoanut Grove iliungua, wakafa watu 492. Mlango mkubwa ulikuwa wa kuzunguka, ukakwama kwa miili ya watu, na milango mingine ilikuwa imefungwa au inafungukia ndani kwahiyo umati ulivyousukuma ndo ukazidi kuifunga. Februari 2003 klabu ya The Station, Rhode Island, bendi iliwasha fataki jukwaani, zikashika sponji iliyobandikwa ukutani kuzuia kelele, wakafa 100, na wengi walikimbilia mlango uleule walioingilia ingawa kulikuwa na mingine. Miaka 10 baadaye, Januari 2013, klabu ya Kiss huko Santa Maria, Brazil, ni yaleyale kabisa, fataki, sponji, njia moja ya kutokea, watu 242, wengi wao wanafunzi, wengi waliuliwa na moshi. Na pale mlangoni walinzi mwanzoni walizuia watu wakidhani wanatoroka bili. Kaka, hilo ndo swali lako. Huyo baunsa mwenye funguo, umeme ukikatika na moshi ukijaa hata yeye hutamwona, na moshi wa sponji hauwapi watu dakika za kumtafuta.

Shida yako ya bili ina dawa nyingine. Kuna komeo la kusukuma, lile la bomba refu katikati ya mlango, kwa nje halifunguki ila kwa ndani mtu akiegemea tu mlango unafunguka kuelekea nje. Fungia na king'ora kidogo kinacholia mlango ukifunguliwa, mlinzi wako atakuwa pale kwa sekunde. Wanaotoroka bili, kusanya hela kinywaji kinapotoka, mambo ya bili ndefu yaachie wanaokaa mezani unaowajua. Hata ukipoteza bili kadhaa kwa mwezi, ukumbi mzima wa watu unazidi hiyo hela mara ngapi.

Nawaomba na wengine mnaosoma, angalieni kuta zenu leo. Kama kuna sponji la godoro au yale makaratasi ya mayai kuzuia mwangwi, bandua. Mpe mtu wa mlangoni kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia watu, ukifika idadi iliyoko kwenye cheti mlango usimame, wakitoka watano waingie watano, hata kama foleni ni ndefu na hela inakuuma. Na fataki za ndani hapana, hata za kwenye chupa za birthday.

SWALI: Nina klabu, majirani wamelalamika kwa mamlaka, wakati mimi nilitangulia kufungua hapa na wao wamejenga juzi. Sheria si inanilinda? – Nilitangulia

JIBU: Inategemea uko wapi. Kuna sehemu wameandika kabisa kwamba anayekuja baadaye ndo anabeba gharama ya kuzuia kelele. Jimbo la Victoria, Australia liliweka hivyo 2014, Uingereza wakaingiza kwenye mwongozo wa mipango miji 2018, na Ujerumani bunge lao mwaka 2021 lilipitisha azimio la kutaka klabu za muziki zichukuliwe kama sehemu za utamaduni. Ulizia kwa mwanasheria wa hapo ulipo, lakini usisubiri majibu ndo uanze kushughulika.

Kinachowaamsha watu sio sauti ya mwimbaji, ni besi. Besi inapita ukutani na chini ya sakafu, kwahiyo kufunga madirisha peke yake haitoshi. Nyanyua spika za besi kutoka sakafuni uziweke juu ya mpira mzito, weka milango miwili ya kuingilia yenye kachumba katikati ili mmoja ukifunguliwa mwingine umefungwa, na mwambie fundi akufungie kidhibiti ambacho dijei hawezi kukipita hata awashe kila kitu. Shirika la Afya Duniani 2022 lilitoa kiwango cha kumbi, wastani usizidi desibeli 100 kwa dakika 15, na niamini mimi watu wanacheza vizuri tu chini ya hapo, tena wananunua zaidi kwa sababu mhudumu anasikia walichoagiza. Wapelekee majirani namba yako ya simu mwenyewe, sio ya meneja, na ipokee saa nane usiku. Jirani aliyepokelewa simu mara moja ni nadra aende kwa mamlaka.

SWALI: Dada, klabu yangu ina jina mji mzima, madijei wakubwa wanapita, picha zinasambaa, lakini naingia hasara. Nitoe kiingilio bure nijaze zaidi? – Promota

JIBU: Kujaza zaidi kutakuongezea gharama, sio faida. Historia ina mfano mkubwa. The Haçienda ya Manchester ilifunguliwa 1982 na watu wa kampuni ya rekodi ya Factory Records na bendi ya New Order, ikawa klabu maarufu duniani, dansi ya kisasa Uingereza inadaiwa na ile sehemu. Na miaka yote hiyo ilikuwa inakula hela, mpaka mauzo ya rekodi za bendi yakawa yanaziba mashimo ya klabu. Mwisho wa miaka ya 80 ikajaa mpaka nje, ila watu walikuwa kwenye vidonge vya kulevya vya ecstasy, wanacheza usiku mzima na kunywa maji, kaunta haiuzi. Wakaja na wahuni mlangoni, gharama za ulinzi zikapanda, 1997 ikafungwa.

Kwahiyo kaa na karatasi uandike kila usiku peke yake. Dijei bei gani, mlinzi wangapi, wahudumu wangapi, alafu gawanya kwa watu walioingia na uone kila kichwa kimeacha shilingi ngapi kaunta. Mimi nasema kiingilio kimlipe dijei chote, kaunta ilipe nyumba. Usiku ambao kiingilio hakimlipi dijei, huyo dijei ni mkubwa kuliko ukumbi wako, mwite wa kawaida mwenye wapenzi wake 100 wa kweli. Na Jumatano yenye watu 40 wanaokunywa vizuri na dijei mmoja wa nyumbani inaweza kukuachia zaidi ya Jumamosi yenye foleni.

Na hela ikianza kuonekana, lipa kodi. Studio 54 ya New York ilifunguliwa 1977, wenyewe Steve Rubell na Ian Schrager walikuwa wanaficha mauzo huku Rubell akijisifia magazetini faida wanayopata. Maofisa wa kodi wakaingia Desemba 1978, mwanzoni mwa 1980 wakahukumiwa miaka mitatu na nusu kila mmoja. Klabu ya enzi yake, haikufika hata miaka mitatu mikononi mwao.

SWALI: Anti, mume wangu ndo mwenye baa. Anasema lazima anywe na wateja ndo biashara, anarudi asubuhi kila siku amelewa, sa hivi hata akiwa nyumbani Jumatatu anaanza mchana. – Mke

JIBU: Pole sana mwanangu. Sio kweli kwamba lazima. Wateja wanataka akae nao, awakumbuke majina, acheke nao, glasi yake ikiwa na soda na limao hakuna anayeuliza, na akiulizwa anasema niko kazini. Wapo wenye baa kibao wanaofanya hivyo miaka na miaka na ndo wanaodumu, maana mtu aliyelewa hawezi kuona droo, hawezi kuamua ugomvi na hawezi kujua nani kanywa sana asiuziwe tena.

Ila kuanza mchana siku ya mapumziko, hapo tumeshatoka kwenye biashara, huo ni ugonjwa na una tiba. Ongea naye akiwa mzima, asubuhi baada ya usingizi, mwende wote kwa daktari, na mwambie daktari ukweli anakunywa kiasi gani kwa sababu mtu aliyezoea kunywa kila siku akiacha ghafla bila usimamizi anaweza kupata degedege na hata kupoteza maisha. Wakati huo tafuteni mtu wa kushika baa usiku, yeye ahamie kazi za mchana, mzigo, hesabu, leseni. Hizo kazi zipo na zinamhitaji. Ikishindikana kabisa, uzeni baa.

SWALI: Nimepata sehemu nzuri sana, mwenye nyumba anasema tuandikiane mwaka mmoja mmoja, hana shida. Nisaini? – Haraka Haraka

JIBU: Usisaini hivyo. We utaweka kaunta, mabomba, vyoo, umeme, kuzuia sauti, vyote hivyo huwezi kuvibeba ukiondoka, alafu ukishaitengeneza sehemu ikajulikana pango ndo linapanda. CBGB ya New York, baa ya Hilly Kristal iliyofunguliwa 1973 na kulea muziki wa punk, ilifungwa 2006 baada ya mgogoro wa pango, sasa wewe mgeni mwenye nyumba hana sababu ya kukuhurumia. Omba miaka 5 au zaidi na haki ya kuongeza, kiwango cha juu cha kupandisha pango kiandikwe, na iandikwe kwamba ukitaka kuuza biashara unaweza kumkabidhi mwingine mkataba bila yeye kukataa bila sababu. Na kipengele kimoja zaidi, mkataba uanze kuhesabika siku leseni inapotoka, sio siku unaposaini, kwa sababu leseni inaweza kuchelewa miezi na we unalipa pango la chumba kitupu. Akikataa hicho cha mwisho omba angalau nusu pango kwa hiyo miezi, wengi wanakubali.